Kitabu cha Kuazima

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza kisa chenyewe, naomba kwanza ukijue kijiwe chetu.

Kipo Mwananyamala, kwenye baraza la duka la fundi cherehani. Mchana baraza hilo ni la wateja wanaosubiri suruali zipunguzwe. Jumamosi ikifika saa kumi na moja jioni, Fundi huifunika cherehani yake kwa kanga kuukuu, anatoa kigoda na mabenchi mawili, nasi tunaingia. Tupo saba, mara nyingine tisa. Hatuna kadi za uanachama wala mwenyekiti, na mweka hazina wa nini wakati hazina yenyewe haipo? Tuna sheria mbili tu. Ya kwanza, asiyekisoma kitabu haongei. Kazi yake ni kuwanunulia wenzake kahawa na kashata. Ya pili, mwenye zamu ndiye anayeanza, na hakatizwi mpaka amalize.

Kijiwe chenyewe kilianza kwa kitabu kibovu. Nilikuwa nimepeleka suruali, Fundi akaniambia subiri kidogo, na wewe unakijua "kidogo" cha mafundi. Kwenye droo ya vifungo nikaona kitabu kisicho na jalada: Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kile kilichoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Nikaanza kumfuata Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Suruali ikaisha, mimi sikuondoka. Kesho yake nikarudi sina hata nguo ya kushona. Siku ya tatu nikafika mwisho, nikakuta mwisho wenyewe haupo! Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Fundi, muuaji ni nani?"

"Sijui," akasema, sindano mdomoni. "Watoto walizichana wakatengeneza mashua. Mwaka wa nane huu sijui."

Basi bwana, mteja mmoja akadakia kuwa yeye alikisoma shuleni, muuaji ni fulani. Mwingine akamwambia mwongo wewe. Mimi, niliyekwisha soma dalili zote kwa makini, nikaeleza kwa hoja tatu kwa nini muuaji hawezi kuwa mwingine ila yule niliyemtaja mimi. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwezi uliofuata mmoja wetu akapata nakala nzima kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga mali yao chini mjini. Tukaufungua ukurasa wa mwisho watu watano vichwa pamoja. Watatu tulikuwa tumekosea, na mwenye hoja tatu alikuwa wa kwanza. Kahawa ya siku ile niliilipa mimi.

Hiyo ilitosha kunifunza, lakini mwanadamu hafunzwi na kahawa.

Sasa nikutajie watu wa kijiwe. Majina yao halisi nayaacha, tunaitana kwa majina ya utani. Yupo Willy, anayeuza chaja na kava za simu Kariakoo. Anaitwa hivyo kwa sababu ya Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona, riwaya ya mwaka 1974, kaisoma mpaka anaweza kukusimulia akiwa usingizini. Kipimo chake ni kimoja: riwaya nzuri ni ile inayokupitisha kituo. Ukishuka kwenye daladala pale ulipotaka kushuka, hicho kitabu si chochote. Ukimwambia mambo ya falsafa anakuuliza, "Kwani kulikuwa na foleni au hapakuwa na foleni?"

Yupo Mwalimu, anayefundisha shule ya msingi. Yeye kipimo chake ni kinyume: riwaya nzuri ni ile usiyoielewa mara ya kwanza. Alituletea Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kijitabu chembamba unaweza kukiweka kwenye mfuko wa shati. Tukasema ah, hiki ni cha usiku mmoja. Wapi! Tulikaa Jumamosi tatu. Mwishoni Willy akasema ameshuka kituo alichotaka lakini alikuwa amesahau anakwenda wapi, na Mwalimu akasema hayo ndiyo maoni bora kuliko yote yaliyotolewa.

Yupo Fundi mwenyewe, mzee tunayemwamkia shikamoo, ambaye hutoa maoni kama anavyopima kitambaa. Akisema "hapa kimevuta", ujue kuna sura imekaa vibaya.

Na yupo dada mmoja. Huyu hakutaka jina la utani, nami sitampa. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani, na akisema alisema maneno machache. Nakumbuka tuliposoma Kuli ya Adam Shafi, sisi wanaume tulishika mgomo wa mwaka 1948 kule Unguja: nani aliupanga, siasa yake, mkoloni alifanya nini. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitabu kile anakiamini kwa sababu ya mizigo. Mjomba wake alibeba magunia miaka mingi, na akirudi nyumbani alikuwa hawezi kuinua kikombe cha chai kwa mkono mmoja. "Aliyeandika hapa anajua uzito wa gunia," alisema. "Hayo mengine anaweza akawa kayasoma." Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Hapo hapajavuta."

Na mimi je? Mimi nilikuwa bingwa wa kutafuta makosa. Kipimo changu kilikuwa kwamba kila jambo kwenye riwaya liwe na sababu ya kutosha. Mhusika akilia, nionyeshwe kilichomliza. Akibadilika, nihesabiwe hatua alizopita. Nilikuwa naandika hadithi zangu mwenyewe kwenye daftari, kama wengi wenu mnaosoma gazeti hili, na niliamini kuwa anayejua kutaja kosa la mwandishi mkubwa naye amekaribia kuwa mkubwa. Ukiwa na ugonjwa huo, pole. Nami nilikuwa nao.

Ikafika zamu yangu. Nikachagua Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kila mtu anajua sifa yake: ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye ikaruhusiwa na wanafunzi wakaisoma. Sikuwa na nakala. Nikamwambia Fundi, Fundi akasema atauliza. Siku ya Jumanne akanikabidhi kitabu kilichofungwa kwa gazeti. "Cha mtu hiki," akasema. "Kisichafuke." Sikuuliza cha nani. Kilikuwa kimechakaa, jalada limebandikwa gundi ya karatasi, nami nikadhani ni kile kile cha mitumba, kimepita mikono kumi.

Nikakisoma siku mbili. Kwa ambao hamjakisoma: Rosa ni binti wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, kijiji ambacho ndicho alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Mama yake, Regina, ni mpole na anapata tabu. Rosa anaandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, baba anaikamata, na kipigo anachompa bintiye ni cha kutisha. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume kama moto. Anakwenda shule ya wasichana Mwanza, halafu chuo cha ualimu Morogoro, na mambo yanageuka. Kwanza anadanganywa na Deogratias, kisha yanafuata mengine na mengine, mpaka anapotaka kurudi kwenye maisha ya utulivu, mlango umefungwa. Mwisho anajiua.

Penye sura ya kile kipigo nikakuta maandishi ya penseli pembeni mwa ukurasa. Herufi ndogo, zimeinama. "Hata mimi. Ijumaa." Basi. Nikatabasamu, nikapindua ukurasa.

Hapa nisimame kidogo, msomaji. Maneno niliyoyaandika hapo juu siyo yale yaliyokuwemo kitabuni. Mwenyewe nilimwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki, akakubali kwa masharti mawili: jina lisitajwe, na maneno yake yabadilishwe. Nimeyatimiza yote mawili. Lakini urefu wake ni ule ule, na uchungu wake ndio huo huo.

Jumamosi nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa, si mchezo. Nikasifu lugha ya Kezilahabi, sentensi fupi, zisizojipamba. Nikasifu ujasiri wake wa kuliandika jambo ambalo watu wazima walitaka lizungumzwe kwa kunong'ona. Kisha nikaingia penye utaalamu wangu. Nikasema sehemu ya pili ya riwaya imekimbizwa. Binti anayeogopa hata kivuli cha mvulana hawezi kugeuka upesi namna ile. Ziko wapi hatua? Nikasema mwandishi alikwisha kuamua tangu mwanzo kuwa Rosa atakufa, kwa hiyo akamsukuma kama mtu anayesukuma gari bovu kwenye mteremko. Nikasema Rosa alikuwa na akili, alikuwa na elimu, angeweza kuchagua. Kwa nini hachagui? Willy akachomeka neno moja juu ya Rosa, neno ambalo siliandiki hapa, watu wakacheka. Sheria yetu inakataza kumkatiza msemaji, lakini mimi msemaji sikumkemea. Nilicheka nao.

Ndipo nikataka kuwafurahisha zaidi. Nikasema, "Halafu tazameni, kuna msomaji mwenzetu alinogewa mpaka akataka kujiingiza riwayani." Nikafungua ukurasa, nikayasoma yale maneno ya penseli kwa sauti. Tena niliyasoma kwa sauti ya kuigiza, ile nyembamba ya kujiliza. Wakacheka mpaka benchi likatikisika.

Fundi hakucheka. Nilimwona lakini sikumwelewa.

Yule dada alisimama, akaweka mkoba begani. Akasema anawahi gari. Saa ilikuwa bado kumi na mbili, na magari ya kwao yapo mpaka usiku. Akasema, "Haya, usiku mwema," akaondoka. Nikaendelea na hoja ya nne.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Ya tatu nikamuuliza Fundi kama ana habari zake, labda anaumwa. Fundi alikuwa anachana mshono. Hakuinua macho.

"Kile kitabu ulikwisha kukirudisha?" akaniuliza.

"Bado. Cha nani vile?"

Akaendelea kuchana mshono mpaka ukaisha. Halafu akanitazama.

We acha tu, msomaji. Nimewahi kuibiwa simu kwenye daladala, nimewahi kufeli mtihani niliousomea mwaka mzima, lakini kile kimya cha Fundi sijapata kukutana nacho. Nilikaa pale kwenye kigoda chake karibu na mlango, joto limenipanda mpaka masikioni. Kitu cha kwanza kilichonijia akilini, nasema kweli, hakikuwa yule dada. Kilikuwa kujitetea: sikujua! Ningejuaje? Kitu cha pili kilikuja nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikasimama palepale barabarani bodaboda zikinipigia honi. Zakaria alikamata maandishi ya mtu, maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake, akayageuza fimbo. Mimi niliyekuwa nimetoka kuichambua sura ile kwa hoja tatu nilifanya nini?

Usiku ule nikaanza kukisoma upya.

Safari hii nikachukua karatasi pembeni, maana kuandika kwenye kitabu chake nisingethubutu. Nikaamua kuorodhesha kila jambo ambalo Rosa, kabla ya kuondoka kwao, analiamua yeye mwenyewe bila kuamuliwa na baba, na mama, na shule, na hofu. Nikasoma sura baada ya sura, kalamu mkononi. Karatasi yangu ilibaki karibu nyeupe. Nikaelewa kwamba swali langu, "kwa nini hachagui?", lilikuwa swali la mtu aliyezoea kuchagua. Kuchagua nako kunafundishwa, kama kupika na kuendesha baiskeli: unaanguka kidogo kidogo ukiwa karibu na watu wako. Rosa alikatazwa kuanguka kidogo kidogo. Akapewa dunia nzima siku moja, mbali na kwao, akaanguka yote kwa pamoja. Zile hatua nilizokuwa nazidai mwandishi hakuzisahau. Hazikuwepo, na kutokuwepo kwake ndiyo riwaya yenyewe.

Sisemi sasa kitabu hakina kasoro, usije ukadhani toba imenifanya kipofu. Bado naona mwisho wake unakwenda mbio, misiba inapangana kama magari ya mwendokasi asubuhi, na mahali pengine unamsikia mwandishi akipandisha sauti ili somo lisikupite. Alikuwa kijana, miaka 27 hivi kitabu kilipotoka. Wewe unayeandika ukiwa na miaka 22, kaa ukilifikiria hilo. Baadaye aliandika Kichwamaji mwaka 1974, na humo hapandishi sauti sana. Anakuacha na Kazimoto na maswali yake, ukosane naye mwenyewe. Kezilahabi alifariki Januari 2020, nasi tungali tunabishana naye. Lakini kusema "hapa kunakwenda mbio" ni maoni juu ya kitabu. Kusema "huyu binti ni mjinga" ni maoni juu ya mtu, na mtu huyo huenda amekaa karibu na mlango na mkoba mapajani.

Kuna jambo jingine kwenye usomaji ule wa pili, nalo linanihusu mimi na nyumbani kwetu. Mimi ni mtoto wa kiume. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuifungua barua yangu wala kuishika simu yangu. Mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha tano, akiwa nyumbani likizo, kila jioni baada ya chakula anamkabidhi baba simu yake. Baba anavaa miwani, anaipekua ujumbe kwa ujumbe, anairudisha. Wakati mwingine anauliza, "Huyu ni nani?" Nimeliona jambo hilo mara nyingi hata sihesabu, nikiwa nimekaa palepale mezani, na kitabu mkononi. Sikuwahi kuliona.

Nikamuuliza mdogo wangu, tukiwa jikoni anaosha vyombo, kama linamkera. Akacheka kwanza. "Kumbe nawe unaona?" Kisha akasema ana rafiki yake wa darasani, msichana mwenzake, ambaye mama yake anaumwa sana, naye amekuwa akimwandikia usiku usiku. Siku hizi hamwandikii tena. Hataki baba asome habari za ugonjwa wa mama wa mtu. Akaendelea kuosha sufuria.

Sijamwambia baba neno. Nalisema hili usije ukanidhania shujaa.

Kitabu nikakirudisha kwa Fundi, nimekifunga kwa gazeti jipya. Nilitaka kuweka barua ya kuomba radhi ndani yake. Niliandika tatu, nikazichana zote. Kila niliyoisoma ilikuwa inajaribu kuonekana nzuri.

Ikapita miezi miwili. Jumamosi moja tukakuta kigoda kimekaliwa. Dada amekuja, mkoba mapajani, na juu ya mkoba Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ile ya mwaka 1999. Akasema kama hakuna mwenye zamu, anaiomba yeye. Nani angemnyima? Willy akasema hiyo anaijua vizuri mno, aliiona filamu yake, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Tukamuuliza kitabu je? Akakwepesha macho. Akaenda kununua kahawa.

Dada akaanza. Alituambia habari za Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, zama za mkoloni, aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka, mtu wa kumzaa. Yasmin anatoroka. Ndugu zake hawamtaki tena. Baadaye anampenda Denge, kijana anayetafutwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake, na ya Denge ni makubwa: vijarida vya siri, polisi, jela. Nilidhani ataizungumza siasa, hasa kwa kuwa Adam Shafi mwenyewe alifungwa baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, na jela hiyo ndiyo iliyozaa Haini mwaka 2003. Au nilidhani atayazungumza mapenzi. Hakugusa hata kimoja. Alimzungumza Mwajuma.

"Mnamkumbuka Mwajuma?" akauliza. "Yule wa Ng'ambo. Hana pesa, chumba chake kidogo, watu wanamsema. Yasmin alipotoka kwake hakuwa na njia. Hakuwa hodari kuliko wengine. Alikuwa mtoto tu, anaogopa. Ila alikuwepo mtu wa kumwambia ingia."

Akanyamaza kidogo. Muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe.

"Mwezi ule tulisoma Rosa Mistika," akasema. "Watu wakauliza kwa nini Rosa hakuchagua. Mimi sikujibu, niliwahi gari. Jibu langu ni hili: Rosa hakuwa na Mwajuma."

Hakunitazama aliposema hivyo, na hakuacha kunitazama. Alikuwa anasema na kijiwe kizima. Willy alikuwa ameshika birika la kahawa, hamimini. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Fundi akasema, "Hapo hapajavuta hata uzi."

Tulipotawanyika nilimfuata mpaka kituoni. Nilikuwa nimejipanga hotuba, si unanijua. "Dada, kuhusu ile siku..."

"Ile siku ulisoma kwa sauti nzuri," akasema. "Ungefaa redioni."

Nikanyamaza. Nikasema nisamehe. Sikuongeza neno. Daladala ikaja imejaa, akaiacha ipite.

"Una nakala yako?" akauliza.

"Ya nini?"

"Ya Rosa."

Nikasema sina.

"Nunua. Isome na penseli. Pale panapokugusa, andika kitu pembeni, cha kweli, kama vile hakuna atakayekisoma. Halafu uniazime."

Gari la pili lilipofika akapanda.

Nilizunguka mjini siku mbili nikaipata, kwa shilingi elfu nne, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Ilikuwa safi, hakuna aliyeiandika. Nikaisoma mara ya tatu, penseli mkononi. Ukidhani ni kazi rahisi, jaribu. Mimi niliyezoea kuandika "hapa pamelegea" na "sababu haitoshi", nilikaa na penseli hewani nusu saa kwenye ukurasa mmoja. Kuandika kosa la Kezilahabi ni sekunde mbili. Penye sura ya kile kipigo hatimaye nikaandika: "Simu ya mdogo wangu. Kila jioni. Nipo mezani." Nikataka kulifuta. Nikaliacha. Yapo mengine saba humo ndani ambayo sikuambii wewe, maana wewe sikukuazima.

Kijiwe kinaendelea. Tumeongeza sheria ya tatu: maandishi ya pembeni hayasomwi kwa sauti ila na aliyeyaandika. Jumamosi ijayo ni zamu ya Willy, na amechagua, kwa mshangao wa wote, Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996, habari za Kongowea Mswahili anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Anasema imempitisha vituo viwili. Mwalimu naye anataka baadaye tusome Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Njoo, msomaji, kama upo karibu. Ila uwe umekisoma, au uwe na pesa ya kahawa.

Nilimwazima dada kitabu changu, nimekifunga kwa gazeti, kupitia kwa Fundi. Leo ni wiki ya tatu. Jumamosi iliyopita alikuja, akakaa kwenye kigoda chake, akachangia mada, akacheka Willy alipochekesha. Juu ya kitabu hakusema lolote, nami sikumuuliza. Nilikaa benchi la mbele, mgongo kwake, najua kwamba nyuma yangu yupo mtu aliyenisoma.